Maua yapo, vipepeo hawaji: kutafuta kasoro katika bustani ndogo ya Mwanza

Malalamiko ya watu wa Nyegezi, Buhongwa na Pasiansi hufanana. Mtu amepanda maua, anamwagilia asubuhi na jioni, na kipepeo pekee anayemwona ni yule anayepita juu ya ukuta akielekea kwa jirani. Kabla hujang'oa mche wowote au kwenda kununua mingine, fanya kipimo kimoja kisicho na gharama. Siku yenye jua, kati ya saa nne na saa sita, toka nje ya geti. Tafuta kiwanja ambacho hakijajengwa au ukingo wa barabara wenye kishona nguo na magugu mengine yaliyochanua, usimame hapo robo saa.

Ukikuta hata huko hakuna kitu, shida ni msimu au hali ya hewa. Ukikuta huko wapo na kwako hawapo, shida iko ndani ya ukuta wako, na niseme mapema ninavyoona: mara nyingi haiko kwenye maua. Tunapanda kwa ajili ya kipepeo mwenye mabawa, tunamsahau huyohuyo alipokuwa kiwavi. Kiwavi hana habari na ua. Anataka jani, tena jani la mmea wake maalumu, na mama yake hatagi mahali ambapo jani hilo halipo.

Hawapo popote, kwako wala nje

Tazama kalenda kwanza. Mwanza hupata vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ardhi hukauka. Kipindi hicho chipukizi ni chache, majani yamekomaa na kuwa magumu, na vipepeo wa aina nyingi hupungua. Baadhi husubiri ndani ya pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo, mpaka hali ibadilike. Mvua ikianza, usitarajie mabadiliko kesho yake. Kwa joto la huku, kutoka yai hadi kipepeo huchukua takribani mwezi mmoja hadi mwezi na nusu kwa aina nyingi tunazoziona majumbani, kwa hiyo wingi wao huja wiki kadhaa baada ya mvua kuanza. Aliyepanda Julai akaanza kulalamika Agosti hajakosea kilimo, ana haraka tu.

Kiangazi hicho hicho kinaweza kukufaa. Mlimau unaomwagiliwa Agosti hutoa majani mapya wakati mtaa mzima umekauka, na jike anayetafuta pa kutaga hana pengine pa kwenda. Bustani ndogo yenye ndoo mbili za maji kwa siku inaweza kuwa na viwavi wakati shamba la eka nzima halina.

Angalia na saa unayotoka. Kipepeo hutegemea jua kupasha mwili joto, na misuli yake ya kurukia hufanya kazi vizuri mwili ukifika nyuzi joto 30 hivi. Siku ambazo mvua imepiga alfajiri kutoka ziwani, hujificha chini ya majani mpaka jua lipande. Anayekagua bustani saa moja asubuhi na kikombe cha chai mkononi hajakagua kitu.

Wanapita, hawatui

Hapa sababu huwa tatu, na unaweza kuzipima zote kwa siku moja.

Ya kwanza ni kivuli. Bustani nyingi za mjini ziko kwenye uchochoro kati ya nyumba na ukuta, na uchochoro huo hupata jua kwa muda wa saa mbili tu. Angalia mahali penye maua saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Kama mara mbili kati ya hizo tatu kuna kivuli, hamisha. Maua yanayotoa mbochi (maji matamu ya ua) wa kutosha yanataka jua la moja kwa moja kama saa sita kwa siku. Ndiyo maana nawashauri wenye viwanja vidogo wapande kwenye ndoo na viroba kwanza, wajue jua liko wapi, ndipo wachimbe. Wanaoishi vilimani, Mabatini au Igogo, ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya mwamba, hawana hiari: ndoo ndiyo shamba.

Ya pili ni upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na viwanja vinavyotazama maji, kuanzia Bwiru na Capri Point hadi Luchelele, huupokea bila kizuizi. Funga kipande cha uzi wa sufi kwenye kijiti kwa kimo cha maua. Kikikaa kimenyooshwa na upepo mchana kutwa, kipepeo hawezi kutulia juu ya ua linaloyumba. Ukuta wa tofali hausaidii kama watu wanavyodhani: upepo huruka juu yake, kisha hushuka upande wa pili ukizunguka. Uzio wa mimea, michongoma au haibiskasi, huupitisha kidogo kidogo na kuupunguza nguvu. Na kama kiwanja chako kina jiwe kubwa, lile ambalo fundi anakusihi ulipasue, liache. Panda maua upande wake uliojikinga na ziwa, unaopigwa na jua la asubuhi. Jiwe litakata upepo, na uso wake wenye joto utakuwa mahali pa vipepeo kuota jua kabla ya kuanza kazi.

Ya tatu ni aina ya ua. Bogenvilia hudanganya watu wengi. Sehemu zile zenye rangi ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kimrija cheupe kidogo katikati. Waridi na marigodi zenye tabaka nyingi nazo zimezalishwa ili zipendeze macho yetu, na kwa kuongezewa petali zimepungukiwa mbochi au zimeuziba. Chagua ua la tabaka moja, lenye mahali pa kutua na mrija mwembamba unaofikiwa na ulimi wa kipepeo: zinia za tabaka moja, kosmosi, na hasa pentasi, ambayo ni mmea wa Afrika Mashariki na huvumilia hali ya huku. Panda kwa kikundi. Miche sita ya aina moja pamoja huonekana kutoka mbali. Mche mmoja mmoja wa aina sita hupotea machoni mwa mdudu anayeruka.

Lantana? Ndiyo, vipepeo huipenda sana, sibishi. Lakini husambaa hadi kuziba malisho, na ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi wakiila. Katika mkoa wenye ng'ombe wengi kama huu siwezi kumshauri mtu aipande.

Kama jua lipo, upepo umekatwa na ua ni sahihi lakini bado hawatui, gusa udongo. Mmea wenye kiu hubana mbochi. Mwagilia kwenye shina asubuhi mapema, usimwage maji juu ya maua.

Wanatua, wananyonya, wanaondoka. Sijawahi kuona kiwavi

Hongera, una mgahawa. Bado huna nyumba ya wageni.

Jike akitua juu ya jani hulionja kwa miguu. Ladha isipokuwa ya mmea anaoujua, anaruka. Hakuna mbolea wala rangi ya ua itakayombadilisha nia. Wanakijiji waliofuga vipepeo kwa ajili ya kuuza pupa pale Amani katika Usambara Mashariki, kabla Tanzania haijazuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016, na wale wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ambako mradi ulianza mwaka 1993, kazi yao kubwa ni kutunza mimea ya chakula cha viwavi. Kwako inaweza kuwa hivi:

Mlimau, mdimu au mchungwa ndio wa kuanza nao, hata ukiwa ndani ya ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Huita *Papilio demodocus*, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu anayepepea bila kutulia hata anaponyonya. Hutaga yai moja moja, mviringo, la manjano hafifu, juu ya jani changa. Ukiona kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege kimelala juu ya jani la ndimu, usikifute. Ni kiwavi wake mdogo, na amevaa hivyo makusudi. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Hana sumu, anakutisha tu.

Kwa yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizo na madoa meupe, *Danaus chrysippus*, unahitaji mimea ya jamii ya *Gomphocarpus* au *Calotropis*, inayotoa utomvu mweupe na kuota yenyewe kando ya njia. *Gomphocarpus* hutambulika kwa matunda yaliyovimba yenye vinywele, ambayo ukiyabonyeza ni hewa tupu. Hapa pana mtego: Usukumani kila boma limezungushiwa minyaa, nayo ina utomvu mweupe, basi mtu husema "mimi ninao tayari." Minyaa ni jamii nyingine kabisa, kiwavi huyu haili. Utomvu wa yote hii ni hatari kwa macho. Osha mikono, na usipande karibu na watoto wanapochezea.

Mjohoro, ambao pengine uko nje ya geti lako, hulisha viwavi wa *Catopsilia florella*, wale weupe au manjano wanaopita kwa kasi bila kusimama. Mtopetope na mstafeli hupokea baadhi ya vipepeo wa jamii ya *Graphium*. Kunde na mbaazi huleta vile vidogo vya buluu, ingawa viwavi wao huingia ndani ya ganda na kula mbegu, kwa hiyo amua unataka nini.

Na matembele. Kuna kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa iliyopauka, *Acraea acerata*, ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Wakulima wa kanda hii wanamjua kama adui, na wana haki, maana wakizidi hubakiza mashina matupu. Kwa tuta moja la nyumbani mimi ningewaachia kona na kuchuma mboga upande wa pili. Kwa anayetegemea viazi vya kutengeneza michembe, asinisikilize.

Yakishakuwepo majani, acha pia magugu kidogo. Kona ya mita moja kwa mbili isiyofyekwa, yenye nyasi ndefu na kishona nguo, hufanya kazi kuliko zulia la pasparamu lililokatwa kila Jumamosi. Mwambie kijana anayekufanyia usafi, vinginevyo atakuonyesha bidii yake hapohapo.

Viwavi walikuwepo jana, leo hawapo

Usihuzunike haraka: hata pasipo kasoro yoyote, mayai na viwavi wengi huliwa kabla ya kufika utu uzima, ndiyo maana jike hutaga mengi. Lakini wakipotea wote, kila mara, tafuta mwizi.

Angalia majani yaliyoshonwa pamoja juu ya mti. Hao ni maji moto, aina ya sisimizi, na mti wenye kiota chao hauachi kiwavi. Usiwamwagie dawa, ni walinzi wazuri wa mwembe dhidi ya wadudu waharibifu. Bora uwe na mlimau wako kwenye ndoo iliyo mbali na mwembe, matawi yasigusane, na miguu ya stendi ya ndoo uipake grisi.

Nyigu huchukua viwavi wakubwa mchana; kiota kikiwa chini ya paa la baraza utawaona wakirudi na mizigo. Shore hula mchana pia. Na yule mjusi wa mawe wa Mwanza, dume lenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, ambalo vijana humwita Spiderman, ni mla wadudu. Jiwe nililokusihi usilipasue ndilo makazi yake. Siwezi kukuficha hilo. Dawa ni kuweka mlimau mita chache mbali na jiwe, maua yabaki pale; kipepeo mzima huwahi kuruka, kiwavi hana mbio.

Kwa walio karibu kabisa na maji kuna jambo ambalo watu wa Igoma, walio mbali na ziwa, hawalijui. Wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama moshi juu ya maji na kuvamia taa za nyumba, buibui hufurahia na kutanda nyavu kila kona. Nyavu hizo hunasa vipepeo vilevile. Pitisha fagio kati ya vikundi vya maua kila baada ya siku chache, za darini na kwenye uzio ziache.

Ukitaka kuokoa viwavi wachache, vika tawi mfuko wa kitambaa cha chandarua kikuukuu, ufunge kwa kamba upande wa shina. Hakikisha chandarua hicho hakina dawa. Vyandarua vingi tunavyopewa vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na kiwavi ni mdudu.

Viwavi wanalegea, wanageuka weusi, wananing'inia

Uliza kwanza nani amepulizia nini, na lini. Majibu ya kawaida: dawa ya mbu iliyopulizwa uani jioni, dawa ya nyanya ya jirani iliyobebwa na upepo, au mche uliotoka kitaluni ukiwa na dawa tayari. Hii ya mwisho ndiyo inayowashangaza watu. Baadhi ya dawa hufyonzwa na mmea na kukaa ndani ya jani na mbochi kwa wiki nyingi, kwa hiyo kuosha majani hakusaidii. Ukinunua mche kando ya barabara, muulize muuzaji, na kama hana uhakika uweke pembeni mpaka utoe majani mapya ya kutosha.

Mwarobaini nao ni dawa. Tumeuzoea kuona hauna madhara kwa sababu ni mti wa nyumbani, lakini maji ya mbegu au majani yake humzuia kiwavi kujivua ngozi, na asipojivua hufa. Bustani ya vipepeo na mboga inayopulizwa mwarobaini zinahitaji umbali kati yake na siku isiyo na upepo.

Kama hakuna dawa yoyote, basi ni ugonjwa, unaoenea zaidi viwavi wakibanana na unyevu ukizidi. Toa waliokufa, uwafukie, osha mfuko wa chandarua kwa maji ya moto, na usiweke zaidi ya viwavi wanne au watano kwenye tawi moja.

Pupa imebadilika rangi

Pupa ya kipepeo wa mlimau huwa kijani au kahawia kufuatana na mahali iliposhikwa. Zote ni nzima. Ikikaribia kufunguka huwa nyeusi, lakini ukiisogelea utaona michoro ya mabawa kwa ndani. Inayokaa nyeusi sare, ngumu, siku nyingi, kisha ikatokea tundu dogo la mviringo, ilikuwa na wageni: nyigu wadogo sana waliotaga ndani yake. Huwezi kuiokoa.

Kipepeo akitoka mabawa yakiwa yamekunjamana, mara nyingi alikosa nafasi ya kuning'inia au alianguka kabla hayajanyooka. Asiguswe kwa saa mbili za mwanzo. Ukuta laini uliopakwa rangi ya mafuta haumpi pa kushika. Egemeza kijiti chenye magome karibu na pupa.

Mlimau umebaki vijiti, na jirani analalamika

Mti mkubwa hausikii kitu. Mche mdogo wa ndoo unaweza kulika wote na viwavi kumi, kwa hiyo kuwa na ndoo mbili: moja ikiliwa, nyingine inapumzika. Kiwavi wa mlimau akihamishwa, ahamishwe pamoja na kipande cha jani alichoshikilia, aende kwenye mlimau, si kwenye mpapai kwa sababu upo karibu. Jirani anayeogopa viwavi washa mwonyeshe tofauti. Wanaowasha ni wenye manyoya mengi, na wengi wao ni watoto wa nondo. Wa mlimau na wa *Gomphocarpus* ni laini, wanashikika.

Wanakuja kwenye ndizi zilizooza tu

Hiyo si kasoro. *Charaxes*, wale wanene wenye nguvu na mikia miwili, na baadhi ya wa kahawia wanaoishi nyasini, hawajali maua. Hunywa juisi ya matunda yaliyochachuka. Ndizi iliyopondwa na kuachwa siku mbili ndani ya kopo huwavuta, hata mahali penye kivuli ambapo maua yamekataa. Madume wa aina nyingi hutafuta pia chumvi kwenye mchanga wenye unyevu, kama utakavyoona ufukweni. Sahani ya udongo iliyojazwa mchanga, majivu kidogo na samadi inatosha, na mwenye pua ngumu aongeze maji aliyooshea dagaa, ila mbali na dirisha la jikoni na paka wa mtaa. Mchanga uwe na unyevu, maji yasituame juu yake, maana mbu hawahitaji mwaliko. Kopo la ndizi litundikwe kwa waya uliopakwa grisi. Bila hivyo sungusungu watamaliza karamu kabla ya saa nne.